Mchaichai wa Nakaloke

Mbale, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Khainza,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali tunaishi nyumba moja, nawe umetoka tu kwenda Nabuyonga kumuaga shangazi yako na utarudi kabla ya chakula. Mchana huu, tulipokuwa mezani, nilijaribu mara tatu kukuambia jambo, na mara zote tatu niliishia kukuomba chumvi. Mara ya tatu uliweka kijiko chini ukasema, "Baba, chumvi iko mbele yako tangu tulipoketi. Mbona unanitazama kama sampuli?" Nilicheka, nawe ukacheka, na jambo lenyewe likabaki kooni. Ninapoandika sioni uso wako, na kwa hiyo huenda nikafika mwisho.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za watu wa kuepuka katika kituo cha mabasi. Hayo mama yako mdogo, utakayekaa kwake Jinja, amekwisha kuyasema kwa simu, na mengine ameyasema mara mbili kwa kuwa hakuamini kwamba nitakufikishia. Mimi nina jambo moja. Linahusu daftari langu la kijani, lile ulilolifunga kwa kitambaa jana na kuliweka chini kabisa ya sanduku, chini hata ya Biblia, ili lisikunjike. Naomba ulitoe. Usome barua hii kwanza, kisha uamue mwenyewe kama utakwenda nalo kazini.

Utanivumilia nikianzia mbali.

Ulikuwa na umri wa miaka tisa ulipoanza kuja maabara baada ya masomo. Mkuu wetu, yule tuliyemwita Daktari, hakupenda watoto ndani, lakini alikupenda wewe kwa sababu ulisalimu kabla ya kugusa. Nilikuketisha kwenye kigoda kirefu karibu na dirisha, ukatazama nikitia tone la maji ya majani katika kikombe kidogo cha kioo chenye dawa ya zambarau. Zambarau ikafifia, ikawa manjano. Ukaniambia, "Baba, imeogopa." Nilikueleza kwamba parachichi likikatwa hugeuka kahawia, na jembe likiachwa nje hushika kutu, na kwamba hata mwili wa mtu una uchakavu wa namna hiyo, kwamba baadhi ya majani tunayokula yana vitu vinavyopambana na uchakavu huo, na wataalamu huviita antioksidanti. Kadiri jani lilivyo na nguvu, ndivyo zambarau inavyoondoka upesi, na mashine hutupa tarakimu ya kile ambacho macho yameona. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukaonyesha kikombe kimoja ambacho hakikutiwa jani lolote. "Na hiki kinafanya nini?" Nikajibu kwamba hicho kinatuambia dawa ilikuwaje kabla hatujaigusa. Uliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nadhani kazi yako ilianza siku hiyo, ingawa mimi nilidhani nakuliwaza tu mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Mwaka ule tulikuwa tunapima majani yanayoliwa na kunywewa katika sehemu zetu: mgagani, mnavu, kunde, majani ya maboga, mrehani, mchaichai. Kazi ya kununua ilikuwa yangu. Sheria yetu ilikuwa nyepesi: kila jani linunuliwe kwa wauzaji watatu tofauti, ili tupime jani, tusije tukapima shamba la mtu mmoja. Nilikwenda soko la Nakaloke kila Alhamisi na kikapu, na sheria ile niliifuata kwa mgagani, kwa mnavu, kwa kila kitu hadi nilipofika kwenye mchaichai mkavu.

Mchaichai mkavu uliuzwa na wanawake wengi, lakini wa kwanza katika mstari alikuwa Mama Hadija. Alinipa kigoda. Aliniuliza hali ya nyumbani, akamtaja mama yako, akanifungia fungu kwa uangalifu kama anayemfunga mtoto. Jirani yake aliuza kitu kilekile, hatua mbili kutoka pale. Sasa niambie, mwanangu, wewe unayewajua watu wetu: unawezaje kuinuka kwenye kigoda cha mtu, na fungu lake mkononi, ukasogea hatua mbili kununua kitu kilekile kwa jirani huku anakutazama? Kwetu hilo ni tusi. Ni kumwambia mbele ya watu kwamba bidhaa yake ina kasoro. Nilisimama pale, kisha nikasema, "Mama, niongeze mafungu mawili." Nilipofika maabara niliandika katika daftari: *wauzaji watatu*.

Huo ndio uongo wa kwanza. Ulikuwa mdogo na ulivaa mavazi ya adabu.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama Hadija alipoinama kufunga, nilisikia harufu ya karafuu, nzuri na nzito. Nilidhani ni manukato yake. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mwanamume mwenye heshima haonyeshi hata kwa jicho kwamba amesikia harufu ya mwanamke asiye wake. Nikageuza uso upande, nikashukuru, nikaondoka.

Ulikuwepo siku tulipopima mchaichai ule, labda unakumbuka. Zambarau iliondoka kabla sijaweka bomba la kudondoshea mezani. Tulipima tena, na tena. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mzee, tumepata kitu." Mchaichai uliyapita majani yote mengine, na kwa mbali. Taarifa ikaandikwa wiki ileile na kupelekwa Kampala. Wageni wakaja. Mimi nikapewa kile cheti unachokifuta vumbi sebuleni kila Jumamosi.

Nilirudi nyumbani na mchaichai uliobaki, ndani ya bahasha, ili mama yako apike chai ya kusherehekea. Unajua kwamba mama yako, Mungu amrehemu, alizaliwa Jinja katika ukoo wa Wanubi, nami ni Mmasaba wa hapa, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Ndiyo maana mambo mazito ya nyumba hii husemwa kwa Kiswahili hadi leo. Alifungua bahasha, akainusa mara moja tu.

"Baba Khainza, hii iko na karafuu."

"Ni mchaichai mtupu, Mariamu."

"Mtupu? Mimi nimelala ndani ya karafuu tangu nizaliwe. Bibi yangu aliitia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye kila kitu kinacholiwa na wadudu. Hii ni karafuu ya kusaga."

"Taarifa imekwisha kwenda Kampala."

"Sikukuuliza imekwenda wapi. Nakuambia iko na nini."

Ndipo nikasema neno ambalo nimelibeba miaka kumi na mitatu. Nilimwambia, "Mashine imepima mara tatu. Mashine haina pua."

Alifunga bahasha polepole. "Haya, bwana mkubwa," akasema, akaenda jikoni. Chai aliipika, na ilikuwa tamu.

Tangu tulipooana, kila jioni nilipoingia mlangoni mama yako alikuwa na swali moja: "Leo majani yamesemaje?" Aliniuliza hata siku za msiba, hata siku alipokuwa na mimba yako na hawezi kuinuka. Baada ya siku ile hakuuliza tena. Hakuninunia, hakunisuta, wala hakumwambia mtu. Alinipokea kikapu, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza kama nina njaa. Mpaka anafariki, majani hayakutajwa tena kati yetu. Watu humsifu mke asiyekumbusha kosa. Mimi ningetoa kila nilicho nacho ili anikumbushe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda maabara peke yangu. Nilipima mchaichai wa nyuma ya nyumba yetu, ule uliokuwa ukiukanyaga unapocheza kamba. Zambarau ilififia kidogo tu. Jani zuri la kawaida, halina aibu wala maajabu. Kisha nikachukua karafuu nilizonunua dukani, nikazisaga, nikatia kiasi kidogo kabisa. Ilikuwa manjano papo hapo. Niliandika yote katika daftari la kijani, kwa wino, kwa tarehe. Nikalitazama. Halafu nikauchana ukurasa.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa sekondari, kwa nini daftari langu lina kipande cha karatasi iliyochanwa karibu na mshono, baada ya ukurasa wa mchaichai. Nilikuambia wino ulimwagika. Nisamehe kwa hilo pia.

Nilijiambia kwamba mchaichai haumdhuru mtu. Ni kweli, haumdhuru. Lakini nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiri jambo hili, na nimeona lilichukua kitu ambacho sikukiona wakati ule. Mgagani na mnavu, majani ambayo akina mama wa Nakaloke huwapikia watoto wao kila siku, yalikuwa na matokeo mazuri, ya haki, kutoka kwa wauzaji watatu kweli. Hakuna aliyeyasoma. Yaliwekwa kwenye jedwali la mwisho la taarifa, kwa sababu mchaichai ulikuwa umekaa kwenye kiti cha mbele. Tena hata tarakimu ya kweli husema tu kilichotokea katika kikombe cha kioo. Haijui mwili wa mtu, wala haiwezi kumwahidi mgonjwa chochote. Nilijua hilo vilevile, nikawaacha watu waahidiwe.

Kisha mwezi uliopita ulikuja mbio kutoka langoni na barua ya kazi mkono mmoja na pakiti ya chai mkono mwingine. Kampuni ya chai ya majani ya Jinja imekuchukua, utasimamia meza yao ya vipimo, na katika usaili walipotambua jina lako walisimama kukupa mkono. "Baba, ona! Ni maneno yako!" Nyuma ya pakiti wameandika kwamba nguvu ya mchaichai imethibitishwa kwa vipimo vya Mbale. Nilikukumbatia. Nilisema, "Hongera, mwanangu." Furaha ile haikuwa ya uongo, nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini wakati umenikumbatia niliisoma pakiti juu ya bega lako, mstari kwa mstari.

Alhamisi iliyopita, nilipokuambia nakwenda kumtazama mgonjwa, nilipanda teksi hadi Nakaloke. Mama Hadija bado yupo. Magoti yake yamechoka, sasa anauza akiwa ameketi, lakini mahali ni palepale.

"Mwalimu!" akasema. "Wewe bado uko hai?"

"Niko hai, Mama Hadija, kwa neema ya Mungu. Nimekuja kukuuliza jambo nililopaswa kukuuliza miaka mingi iliyopita."

"Kama ni kuoa mimi, umechelewa." Jirani yake, muuza vitunguu, akaanza kucheka hata kabla hajajua kisa.

"Mchaichai wako mkavu, ulikuwa unauhifadhi na nini?"

"Na karafuu. Nasaga kidogo, namwaga ndani ya gunia. Sasa wewe ulitaka dudu ikule chai ya watu?"

"Nilisikia ile harufu, Mama. Lakini, unisamehe sana, nilidhani ni manukato yako. Niliona haya kuuliza."

Alinitazama, kisha akapiga paja lake kofi. "Jamani, kujeni musikie! Huyu mzee kumbe alikuwa nanusa mimi!"

"Na alinunua fungu tatu kwa wewe moja!" akadakia yule wa vitunguu. "Mimi nilisema hapa iko na sababu!"

Walicheka hadi wapita njia wakasimama. Nami nilicheka, Khainza, nikiwa nimeshika kofia yangu kama mwanafunzi, na machozi yakanitoka, na sikujua ni ya nini. Mama Hadija ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaniuliza, "Na hiyo karatasi yako ilisema nini juu ya mimi?"

"Haikukutaja, Mama."

"Hata jina?"

"Hata jina. Iliandika *muuzaji*."

Akajifuta macho na ncha ya shuka. "Basi hapo ndipo ulikosa. Ungeandika jina yangu, mtu mwingine angekuja kuuliza, mimi ningemwambia. Mimi sikuficha. Hapa kila mtu anajua karafuu."

Nimesoma vitabu vingi vya kazi yetu, na nimeketi katika semina ambazo sikustahili kuketi, lakini sikumbuki kuambiwa kitu sahihi zaidi ya hicho. Nililelewa kuamini kwamba kutomwuliza mtu swali ni kumheshimu. Kwa mama yule, heshima ingekuwa kuketi kwenye kigoda chake na kumwuliza: ulivuna lini, ulianika wapi, uliweka pamoja na nini? Angenijibu kwa fahari. Ukiwa Jinja watakuletea majani katika mifuko iliyobandikwa namba. Nakuomba, inapowezekana, umjue aliyeyaanika. Na mtu wa jikoni akikuambia ananusa kitu, mwache anuse tena.

Sasa nimefika pale ambapo mchana nilikuwa naomba chumvi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilikwenda kwenye duka la kompyuta na barua niliyoiandika kwa mkono, kurasa mbili. Nimeeleza yote: mafungu matatu ya muuzaji mmoja, karafuu, onyo la mama yako, kipimo cha Jumamosi, ukurasa niliouchana. Nimeweka jina la Mama Hadija, kwa ruhusa yake, na kusema kwamba hana kosa. Mwenye duka aliipiga picha na kuituma kwa kampuni yako na kwa chuo cha Kampala kilichopokea taarifa yetu. Ananiambia imefika. Tangu saa nne nimekaa na simu mapajani, na mpaka sasa hakuna aliyejibu.

Ninajua nilichokifanya. Huenda kesho ukafika pale na kukuta wamebadili nia. Huenda watakupokea, lakini hakuna atakayesimama kukupa mkono. Kazi hii umeipata kwa akili yako, ila mlango ulifunguliwa kidogo na jina langu, na leo nimelichafua jina hilo kabla hujaingia. Nilifikiri ningoje hadi uzoee, hadi wakujue. Lakini nilikufundisha mwenyewe kupima, na unapima vizuri kuliko mimi. Mwezi wa kwanza tu ungeweka mchaichai wao mezani, zambarau ingekataa kuondoka, ungepima tena, na tena, ungefungua daftari la kijani ukaona mshono. Ungekuwa peke yako katika chumba kile, ukichagua kati ya baba yako na kikombe. Mimi nilisimama mahali pale Jumamosi moja, na najua jinsi mtu anavyotoka. Sikuweza kukuacha usimame hapo.

Lakini sikukuuliza kabla ya kutuma. Nimegundua hilo nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani, nimekaa kwenye kiti. Mtu aliyeandika kurasa mbili kuhusu kutouliza hakumwuliza binti yake jambo litakalogusa maisha yake. Sina la kujitetea. Ukiingia, ukisoma, ukakasirika, nitakuwa sebuleni. Njoo ukasirike mbele yangu, usiende na hasira hiyo Jinja. Usifanye kama mama yako. Yeye alikuwa mpole mno kwangu, na upole ule uliniacha peke yangu na majani.

Cheti nimekitoa ukutani. Kimeacha mraba mweupe juu ya kabati. Utauona ukiingia, usishtuke. Daftari ni lako ukilitaka. Kurasa za mgagani na mnavu ni za kweli, hizo naweza kuapa. Katika ukurasa wa mchaichai nimeandika leo, kwa wino mwekundu, ninayokuandikia hapa, nikatia sahihi, kisha nikalirudisha daftari sandukuni.

Nami nakupenda, Khainza. Naona nimeandika kurasa zote hizi na neno hilo nimeliacha mpaka huku chini, kama mtu anayesahau kuandika jina la jani juu ya chupa. Nilikupenda ukiwa kwenye kigoda kile kirefu, na nakupenda leo ukiwa na hasira zako halali.

Kesho, ukifika, usinitetee. Wakikuuliza kama wewe ndiwe binti wa yule mzee aliyeandika barua, jibu ndiyo. Kisha waulize meza yako iko wapi.

Nasikia sauti yako langoni, unamsalimu jirani. Naikunja karatasi.

Ni mimi, baba yako, niliye sebuleni.